Sili za Kabureta Kuukuu: Ipi Irudishwe na Ipi Itupwe

Pikipiki kuukuu ya chama inapopelekwa kwa fundi ili kabureta yake ifunguliwe na kusafishwa, huzuka swali la gharama: zile sili ndogo za mpira zizuiazo petroli, je, zirudishwe au zinunuliwe mpya? Makatibu wengi humwachia fundi hukumu hiyo, na fundi, kwa nia njema ya kukipunguzia chama matumizi, huzirudisha zile zile. Yafaa jambo hili lieleweke vyema, kwa kuwa linahusu mali ya wanachama na hata usalama wao.

Sili hufanya kazi kwa kubanwa. Mpira mzima ukibanwa baina ya vyuma viwili hujitutumua kurudia umbo lake, na msukumo huo ndio uzibao njia ya petroli. Katika pikipiki za miaka ya 1970 na 1980, mfano Honda CG125 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, sili za petroli kwa kawaida ni za nitrili, yaani mpira wa kiwandani ustahimilio petroli. Lakini ustahimilivu huo una kikomo. Baada ya miaka mingi ya kubanwa na kupata joto la injini, mpira huwa bapa wala haurudi tena. Petroli nayo huondoa vilainishi vilivyotiwa ndani ya mpira. Kabureta ikikauka, sili husinyaa na kuwa ngumu. Ndiyo maana pikipiki iliyolala msimu mzima huweza kuanza kuvuja siku ile ile inapotiwa petroli.

Hata hivyo, si kila sili ya zamani ni ya kutupwa. Sili ya bakuli la kabureta yaweza kurudishwa ikitimiza masharti manne. Kwanza, unene wake uwe sawa pande zote, wala isiwe bapa. Pili, ikibonyezwa kwa ukucha, alama ifutike mara moja. Tatu, ikikunjwa taratibu isionyeshe nyufa. Nne, iingie katika mfereji wake bila kuvutwa wala kushindiliwa. Sili iliyovimba isikatwe ili ienee. Ianikwe kivulini usiku mmoja, kwani nyingine hunywea na kurudia kipimo chake, isiponywea, itupwe. Wala sili yoyote isitumbukizwe katika dawa kali ya kusafishia kabureta, kwa sababu dawa hiyo ni ya chuma, si ya mpira.

Sili ya kiti cha sindano, katika kabureta zilizo nayo, haifai kubahatishwa. Boya na sindano hufunga petroli bakuli linapojaa. Lakini sili ya kiti ikiwa mbovu, petroli hupita pembeni hata kama sindano ni mpya. Bakuli hufurika, na petroli humwagikia injini yenye moto. Pengine huteremka ndani ya silinda, ikapita kwenye ringi za pistoni na kuchanganyika na oili. Oili iliyochujuka haiwezi kulinda vyuma, na injini huharibika.

Hasara ya kuvuja hukadiriwa kwa urahisi. Tuseme matone 40 hufanya mililita moja. Tone moja kila sekunde ni mililita 90 kwa saa, yaani zaidi ya lita moja kutoka jioni hadi asubuhi. Mvuke wa lita hiyo ukikusanyika katika ghala lenye pamba au magunia, cheche moja yatosha kuteketeza mavuno ya wanachama.

Vipuri vikikosekana, baadhi ya mafundi hukata sili kutoka tyubu kuukuu ya tairi. Tyubu nyingi ni za mpira wa butili, ambao huzuia upepo vizuri lakini huvimba na kulegea katika petroli. Gundi ya kawaida ya silikoni nayo hulegezwa na petroli, na vipande vyake huziba jeti. Njia hizo mbili zisikubaliwe.

Katibu, kabla ya kuidhinisha hati ya malipo, amtake fundi alete sili zilizotolewa, na aandike katika daftari la matengenezo zipi zimebadilishwa na zipi zimerudishwa. Kisha pikipiki isimamishwe nje, mbali na moto, injini ikiwa imezimwa na koki ikiwa wazi, juu ya karatasi kavu kwa nusu saa. Karatasi ikilowa, au oili ikinuka petroli, pikipiki irudi kwa fundi. Na ikiwa petroli imeingia katika oili, oili yote imwagwe kabla injini haijawashwa. Kila jioni koki ifungwe, na pikipiki isilazwe ndani ya ghala la mazao.