Kanisa jipya lianze na meza

Wengi wakianzisha kanisa wanatafuta kwanza viti na vipaza sauti. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na meza ya wajane. Hata hapo manung'uniko yaliingia: wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6:1-7). Mitume hawakuacha Neno, wala hawakufunga meza. Kanisa lilichagua watu 7 wenye sifa njema, nao wakawekewa mikono. Neno likaenea.

Basi, mukianza kikundi cha maombi kwenye avenyu yenu, muulizane: nani ataandika majina ya wajane? Nani atatembelea wagonjwa? Nani atachunga sadaka, na nani atahesabu pamoja naye? Mwenye kujitolea akiachiwa kazi zote, atachoka. Na mjane akilala njaa karibu na kanisa, mtaa hautasikia mahubiri yetu.