Kura tatu za saa kumi na moja

Ujumbe wenyewe nilionyeshwa kwenye simu ya kitochi, pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, nimeegemea rundo la magunia ya dagaa. "Boti itaondoka 5:00 asubuhi." Mama mwenye simu hajaufuta mpaka leo. Siku aliyoupokea alikuwa kisiwani, upande wa Ukerewe, dagaa wake wamekauka na kufungwa. Akausoma kama mimi na wewe tungeusoma: saa tano asubuhi. Akafika ufukweni na wabebaji wake saa nne na nusu, jua limeshapanda. Boti ilikuwa imeng'oa nanga tangu saa kumi na moja alfajiri.

Mchana ule mvua ikanyesha. Kila mtu Mwaloni anajua dagaa aliyelowa baada ya kukauka anakwenda wapi: kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku.

"Shikamoo mama," nilikuwa nimemwambia. "Marahaba mwanangu. Wewe umesoma. Hebu niambie, hii ni saa ngapi?"

Nilitaka kumjua aliyeandika ile 5:00. Nikaelekezwa kwenye chumba kimoja juu ya duka la nyavu, nikamkuta dada mmoja, mtengeneza programu, ambaye hakutaka jina lake litajwe gazetini. Programu yake inatunza hesabu za magunia, madeni ya wateja na safari za boti, kisha inatuma ujumbe kwa wenye mizigo. Hakujitetea hata kidogo.

"Ni mimi, kaka. Kompyuta inaanza kuhesabu saa sita ya usiku. Mimi nikatafsiri AM kuwa asubuhi, nikaona nimemaliza." Akanyamaza, akageuza kompyuta yake nione. "Na nilikuwa nimeshaambiwa."

Kilichokuwa kwenye kioo ndicho kilichonikaa kichwani wiki nzima. Ndani ya programu yake kuna ukurasa ambapo watumiaji wanaandika wanachotaka kiongezwe, na wenzao wanakipigia kura kwa kubonyeza kidole gumba. Ombi moja lilisema hivi: "Saa iwe ya Kiswahili." Lina vidole vitatu. Chini yake, kwa rangi ya kijivu: limefungwa.

Halikufungwa na mtu. Lilifungwa na programu yenyewe, kwa kanuni aliyoikopa mahali pengine bila kubadilisha herufi. Microsoft wana programu ya kuandikia msimbo inayoitwa Visual Studio Code, ambayo watengeneza programu wengi, yeye akiwamo, wanaitumia kila siku. Maombi yanayoletwa pale ni mengi mno, kwa hiyo wakaweka utaratibu: ombi jipya likionekana linafaa kufikiriwa, linapewa siku 60. Likipata kura 20 linaingia kwenye foleni ya kazi. Likikosa, roboti inalifunga. Kidole gumba chenyewe kina historia yake. Mapema 2016 watunzaji wa miradi mingi ya programu huria waliiandikia GitHub, tovuti wanakohifadhi msimbo wao, barua ya wazi, wakilalamika kwamba watu wanajaza "jumlisha moja, jumlisha moja" chini ya kila ombi hadi maneno ya maana hayaonekani. Machi mwaka huohuo GitHub wakaweka vidole. Kelele zikageuka hesabu.

"Nilipenda ile hesabu," aliniambia. "Mimi niko peke yangu. Nikipokea simu kumi kwa siku, kila mmoja anasema lake ndilo la haraka. Kidole kiliniokoa na ugomvi. Namwambia mtu, kaka, ombi lako lina kura nne, tuwasubiri wenzako."

Na kura zilifanya kazi. Mandhari nyeusi ya kusomea usiku ilivuka ishirini upesi, akaitengeneza. Kupakua hesabu kwenye Excel nako kulivuka. Wanaobonyeza ni makarani na wenye mali waliopo mjini, wenye simu janja na namba za siri za kuingilia. Hao 5:00 haiwasumbui. Walishazoea kuongeza sita kichwani tangu siku waliponunua simu ya kwanza. Yule mama hana akaunti. Yeye ni namba tu inayopokea ujumbe. Mabaharia wa boti nao vilevile, na wavuvi.

Hapo akanikumbusha jambo ambalo mimi, mtu wa Mwanza, nilipaswa kulifikiria kabla yake. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, watu wanatengeneza nyavu au wanarudi makwao hadi giza lirudi. "Ndani ya siku 60 mna mbalamwezi mbili, kaka. Mimi nilinakili kalenda ya watu wasiovua."

Kurekebisha saa kulimchukua jioni moja. Chukua 5 ya kompyuta, ongeza sita, ni kumi na moja. Chukua 13, toa sita, ni saba. Mistari haikufika kumi. Kilichomkesha ni siku. Kompyuta inabadilisha tarehe saa sita ya usiku, lakini mtu wa ziwani akisema usiku, anauhesabia asubuhi inayokuja. Saa nane usiku ni ya Ijumaa au ya Jumamosi? Akaacha tarakimu kabisa. Sasa ujumbe unasomeka: "Boti itaondoka saa kumi na moja alfajiri, kuamkia Jumamosi." Niliusoma kwa sauti mle chumbani, na nakiri ulinigusa. Mashine imeongea kama mtu wa kwetu.

Nikamuuliza kama bado anaziamini kura. Akanipa mfano wa M-Pesa. Mwaka 2005 Safaricom waliijaribu kule Thika, Kenya, ili wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu warejeshe mikopo yao kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutumiana pesa, na mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania. "Pale hakuna aliyebonyeza kidole. Kuna mtu alikaa akawatazama watu wanafanya nini. Mimi nani atanilipa nikakae kisiwani nitazame?"

Sikuwa na jibu. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mteja wake mkubwa kuliko wote aliwahi kumpigia simu akitaka risiti zenye nembo ya duka lake. Ombi hilo halikuwa na kura hata moja. Alilimaliza siku ileile. "Kidole gumba hakilipi kodi ya chumba."

Maombi mengine yaliyofungwa na roboti bado yako pale, ya kijivu. Hajayafungua yote. Anasema anaogopa atakachokikuta.

Tulishuka pamoja hadi kwa yule mama. Alisomewa ujumbe mpya na mjukuu wake, akatikisa kichwa kukubali, kisha akamtazama dada. "Na mvua je, mwanangu? Hiyo simu haiwezi kuniambia mvua kabla sijaanika?"

Dada akatoa daftari kwenye mkoba, akaandika. Nilichungulia. Ukurasa ulikuwa mpya, na hakuwa ameuchorea safu ya kura.