Kangaga Nyumbani Hutaka Hewa Yenye Unyevu

Watu wengi wapendao kupamba nyumba zao huweka kangaga, yaani ule mmea wa majani marefu yaliyochanika kama unyoya, uotao wenyewe kandokando ya vijito na chini ya miti mikubwa. Baada ya miezi michache ncha za majani hukauka. Mwenyewe hudhani mmea umekosa maji, akaumwagilia asubuhi na jioni hata mizizi ikaoza. Hivyo kangaga hufa kwa kiu ya majani, hali miguu yake imo majini.

ASILI YAKE

Atakaye kulitunza yampasa kwanza ajue asili yake. Mimea ya jamii hii imekuwako duniani kwa zaidi ya miaka milioni 300, tangu kabla ya mimea yenye maua. Haina ua wala mbegu. Chini ya majani yake hutokea madoa ya kahawia yatoayo vumbi jembamba. Vumbi hilo likianguka penye unyevu, huota kitu kidogo cha kijani, bapa kama ukucha. Na hapo, maji yakiwapo, ndipo kangaga jipya huzaliwa. Basi kangaga ni mtoto wa unyevu tangu mwanzo wake.

Wako wayaonao madoa hayo wakayadhania ugonjwa, wakakata majani mazima au kuyapulizia dawa bure. Madoa ya uzazi hupangika kwa utaratibu upande wa chini wa jani. Wadudu wenye magamba hutawanyika ovyo, hushika hata vikonyo, na hubanduka kwa ukucha.

CHUPA YA DAKTARI

Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, ambaye makangaga ya bustani yake yalikuwa yakifa kwa moshi wa mji, aliweka kifukofuko cha nondo katika chupa yenye udongo mbichi, akaifunika. Mle ndani pakachipua kangaga na jani la nyasi. Akafahamu kuwa maji yaliyopanda kama mvuke yalirudi tena udongoni, wala hewa haikukauka. Akatengeneza masanduku ya kioo, na mwaka 1833 mimea ikasafirishwa humo mpaka Sydney, ikafika ikiwa hai. Baadaye masanduku ya namna hiyo yalichukua maelfu ya miche ya chai toka China mpaka India.

MATUNZO

Si lazima mtu awe na sanduku la kioo. Na achukue sinia, atie kokoto na maji kidogo, kisha aweke chungu juu ya kokoto, kitako chake kisiguse maji. Mvuke utapanda kwenye majani. Chumba cha kuogea chenye dirisha chafaa sana. Karibu na jiko hapafai.

Mwanga na uwepo, lakini jua kali lisilipige. Katika nchi iliyo kwenye Ikweta, kama Kenya, jua huwa upande wa kaskazini katikati ya mwaka, na upande wa kusini mwezi wa Desemba. Kwa hiyo dirisha lililo salama mwezi wa Juni laweza kuunguza majani mwisho wa mwaka. Mahali pazuri ni penye kivuli cha baraza.

Udongo uwe mwepesi: fungu moja la majani yaliyooza, moja la mchanga na moja la udongo wa shamba. Chungu kiwe na tundu chini. Kabla ya kumwagilia, mtu aguse udongo kwa kidole. Ukianza kukauka juu, amwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha aache. Mbolea iwe hafifu, kwani ikizidi huunguza mizizi.

MSITU USIHARIBIWE

Kangaga likifa, wengine hukimbilia msituni kung'oa jingine. Hilo halifai. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 yakataza kuondoa mimea katika misitu ya umma bila idhini, tena kangaga la msituni, likitolewa ghafula katika ubaridi wake, mara nyingi halidumu. Jirani mwenye kangaga lililosongamana chunguni aweza kuligawa kwa kisu kikali, kila kipande kikiwa na mizizi na majani yake. Kipande kimoja kilichotunzwa vema chatosha kuanzisha mimea ya nyumba nyingi.