Marufaa ya Ubao Mmoja

Mwezi wa Mfungo Sita nalikwenda Lamu kwa Maulidi, na haja yangu ya pili ilikuwa marufaa. Binti yangu amekhitimu Kurani, nami nalitaka kumpa ya kale, ya ubao mmoja, kama ile tuliyosomea chuoni. Nyingi za madukani siku hizi ni mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba ya chuma, na kwa hewa yetu ya chumvi bawaba hiyo haichelewi kuota kutu.

Fundi niliyempata mtaa wa Langoni ni kijana. Aliupiga randa ubao wa mwembe, akapima katikati, akachonga meno kwa patasi upande huu na upande wa pili, yakipishana kama vidole vya mikono miwili. Kisha akaupasua unene wake kwa msumeno, toka juu hadi kwenye meno, na toka chini hadi papo hapo. Roho ya kazi ni hapo: chombo kikipita kiasi, ubao ni kuni. Alipoufungua polepole ulilia kidogo, ukasimama. Msumari hamna, gundi hamna.

"Na nakshi je?" nikamwuliza. Hakutia, ila mstari mmoja wa njumu, tena ya mfupa. (Viti vya enzi vya wazee wetu vilitiwa njumu ya pembe za ndovu, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mataifa yakazuia biashara ya pembe mwaka 1989.) Nikamwambia, mwanangu, marufaa bila nakshi ni bibi arusi asiye na hina.

"Ami," akasema, "alokaa mbele ya Msahafu atazame Msahafu au atazame ubao?"

Mimi mtunga mashairi, nikakosa la kujibu.

Rafuni palikuwa na kibago cha kukunja, meno yake yale yale, na marufaa nyingine ndogo kama kiganja. Ya nini hii? Ya simu. Uso ukanikunjamana, naye akauona.

"Vijana wasoma Kurani kwa simu, Ami. Sasa Yasini iwekwe chini sakafuni?"

Nalilipia ile kubwa, ndogo nikaiacha. Nalipofika gatini, mashua ingali yangoja abiria, nikageuka nikarudi Langoni kuifuata.