Video Kabla ya Upasuaji: Yafaa, Lakini Haitoshi

Mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji hupewa maelezo mengi kwa muda mfupi, na hofu humsahaulisha mengi kati ya hayo. Ndiyo maana hospitali katika nchi mbalimbali hutumia video, michoro na sauti zilizorekodiwa kumwelimisha mgonjwa mapema.

Madaktari wanaounga mkono njia hii husema kwamba kila mgonjwa hupata maelezo yaleyale, huweza kuyarudia, na asiyejua kusoma haachwi nyuma. Chukulia agizo la kutokula. Kwa kawaida mtu mzima hutakiwa kuacha chakula kigumu saa 6 kabla ya kupewa dawa ya usingizi, na maji saa 2 kabla. Mchoro huonyesha sababu kwa urahisi: dawa hiyo hulegeza mwili, na kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni. Aliyeelewa hatari hiyo hatakunywa uji alfajiri kwa siri, na upasuaji wake hautaahirishwa kwa sababu hiyo.

Mgonjwa wa mtoto wa jicho naye mara nyingi hufanyiwa upasuaji akiwa hajalala, jicho likiwa limetiwa ganzi. Akijulishwa mapema kwamba uso wake utafunikwa kitambaa na kwamba atatakiwa kutulia, hatashtuka. Kwa kuwa haoni vizuri, sauti ndiyo itakayomfaa, na ndugu anayemsindikiza atamweleza picha.

Hata hivyo, madaktari hutahadharisha kwamba video huzungumza na wote, haimjui mmoja. Haifahamu kwamba una kisukari au shinikizo la damu, au kwamba unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au dawa za mitishamba. Wala haiwezi kujibu swali lako. Video uliyoikuta mwenyewe kwenye simu yaweza hata kuwa ya upasuaji usiokuhusu.

Fomu ya ridhaa ina maana pale tu mgonjwa anapoelewa anachokikubali. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, huanza kwa kuthibitisha na mgonjwa mwenyewe jina lake, aina ya upasuaji, sehemu itakayopasuliwa na ridhaa yake.

Kwa hiyo, ndugu mkazi, kabla ya kutia saini au dole gumba, uliza: Nitafanyiwa nini, na kwa nini? Kuna hatari gani? Kuna tiba nyingine? Dawa zangu niendelee nazo au nisimamishe? Nikirudi nyumbani, dalili zipi zinirudishe hospitali haraka? Kisha mweleze daktari, kwa maneno yako, ulivyoelewa. Ukikosea, atakurekebisha. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako.