Anayeogopa mpira leo, kesho ataacha michezo yote

Pita Lusangi saa kumi ya mangaribi, jua linapoanza kupoa. Utaona kundi la watoto wanakimbilia mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Angalia vizuri pembeni. Kila mara kuna mmoja amesimama kando, anachunga viatu vya wenzake. Ukimuuliza: «Weye hauchezi?» atajibu: «Miye sijuwe.»

Siye wazazi tunacheka, tunapita. Tunasema: atazoea. Lakini wengi hawazoei. Wakifika miaka 12 ao 13, wao ndio wa kwanza kuacha uwanja. Si uvivu, ni haya. Wenzake wanajua, yeye hajui, na hakuna kijana anayependa kuchekwa mbele ya watu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2000, huko Australia, wachunguzi walipima watoto wa masomo ya msingi: kudaka mpira, kuutupa, kuupiga teke. Miaka kama sita baadaye waliwatafuta tena, sasa ni vijana. Wale waliojua kuchezesha mpira utotoni ndio waliokuwa wakicheza zaidi. Na kilichounganisha mambo hayo mawili ni kujiamini: aliyejua alijiamini, na aliyejiamini aliendelea.

Mtasema: «Batoto betu habakosi kutembea.» Ni kweli. Mtoto wa huku anachota maji, anabeba kuni, anaenda masomo kwa miguu. Jasho analo. Lakini kubeba bidoni hakufundishi jicho kufuata mpira, wala mguu kugeuka, kuruka na kutua bila kuanguka. Mwili unachoka, ujuzi hauingii. Wachimbaji wanajua hiyo kuliko siye: kuna mwenye mikono minene anayepiga nyundo siku nzima bila kupasua jiwe, na kuna mwembamba anayejua mahali pa kupiga.

Tuchukue mfano wa Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliyezaliwa 1966 na kutuacha 2024. Kabla ya basiketi alikuwa kipa wa mpira wa miguu. Basiketi aliianza akiwa tayari kijana. Hakeem Olajuwon wa Nigeria vile vile: huko Lagos alikuwa kipa wa mpira wa miguu, na alicheza mpira wa mikono pia. Leo, katika hesabu ya NBA ya Marekani, aliyezuia mipira mingi kuliko wote ni Olajuwon, mara 3 830. Wa pili ni Mutombo, mara 3 289. Makipa wawili! Ile kazi ya macho, mikono na kuruka waliyojifunza golini, waliihamisha kwenye mchezo mwingine. Njo maana hatusemi mtoto achague mchezo mmoja mapema. Tunasema ajue kwanza kukimbia, kuruka, kutupa na kudaka. Mchezo wenyewe utakuja.

Na kazi hii haiombi franka nyingi. Anza na mtoto wa miaka mitatu, minne: mrushie kitambaa kilichofungwa, polepole, kutoka karibu. Kitambaa hakiumizi, na hofu haiingii. Akidaka mara tano, rudi nyuma hatua moja. Akifika miaka sita, saba, aruke kamba, asimame kwa mguu mmoja, alenge alama kwenye mti, apige mpira kwa mguu wa kuume na wa kushoto. OMS, Shirika la Afya Ulimwenguni, linaomba dakika 60 kila siku kwa watoto wa miaka 5 mpaka 17, lakini kwa kufundisha hata dakika kumi ni mwanzo. Baba anayeshuka kwenye shimo siku sita, ile ya saba akae lupangoni na mpira. Na mtu asimwite mtoto «mzito» mbele ya wenzake. Neno moja sawa lile linaweza kumtoa uwanjani kwa miaka mingi.

Wasichana tuwaangalie zaidi. Wakiwa wadogo wanaruka kamba na kucheza nzango, hawachoki. Halafu wakianza kukua tunawaita jikoni, na uwanja unabaki wa wavulana. Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe walichukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Hatuombi kila msichana wa Lusangi afike huko. Tunaomba tu saa moja ya mangaribi ambayo si ya bidoni.

Kuna jambo lingine, na familia za wachimbaji zinalijua. Mvulana wa miaka 13 aliyeacha uwanja anatafuta mahali pengine pa kuonyesha kwamba yeye ni mwanaume. Huku kwetu mahali hapo hapako mbali: ni shimo. Sheria ya 10 januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18, na karta ya mchimbaji inapewa mtu mzima tu. Lakini sheria haimshiki mtoto mkono saa kumi ya mangaribi. Mpira haumalizi umaskini, na hatutaki kudanganya mtu: mwingine anashuka kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Ila yule anayeshuka kwa sababu hana pengine pa kwenda, huyo tunaweza kumrudisha.

Basi leo mangaribi, yule anayechunga viatu, mwite. Mrushie mpira polepole. Ukimponyoka, okota, mrushie tena.