Kucheka Kimoyomoyo: Maana Yake na Vile Hutumika (Usiichanganye na Kuchekelea)

Cheki hii sini. Uko kwa mat, watu wamefinyana, konda anabishana na mathe fulani juu ya chenji ya soo. Mathe anamrushia neno moja tu, konda ananyamaza jii. Unataka kucheka, lakini unajua ukijaribu utashukishwa stage inayofuata. Sasa unauma mdomo, mabega yanatingika, sauti haitoki. Hiyo, msee, ndiyo kucheka kimoyomoyo.

Neno lenyewe si ngumu. Chukua moyo, lirudie mara mbili, weka ki- mbele. Unakumbuka ticha akisema "someni kimoyomoyo"? Ni ile ile tu. Mambo yanafanyika ndani, nje hakuna kelele.

Lakini kicheko kina ndugu wengi, na kila mmoja ana tabia yake:

Kutabasamu: uso ndio unaongea, sauti hakuna.

Kucheka kichinichini: sauti inatoroka kidogo, kama ile yenu ya backbench.

Kuangua kicheko: ploti nzima imeskia.

Kuchekelea: hapa chunga. Inaweza kuwa kufurahia tu, lakini mtu akiwa kwa shida, inasikika ni kama unafurahia shida yake.

Hiyo ya mwisho karibu inipotezee beste. Alituma picha ya pikipiki yake imelala kwa matope, helmet imemkalia kando kama sufuria. Nikamjibu, "Nachekelea huku!" Mimi nilikuwa nacheka helmet. Kumbe pikipiki ni ya loan, imevunjika, na hiyo siku hakuwa amepata hata ya unga. Alininyamazia miezi miwili. Tulipopatana akaniambia, "Si ungecheka tu kimoyomoyo? Singejua."

Na hapo ndipo utamu wa hili neno uko. Kicheko cha kimoyomoyo hakimuumizi mtu, juu hakimfikii.

Ndiyo maana linakaa poa ukipiga story ya kitu kilishapita: "Bosi alivaa shati ndani nje, nikacheka kimoyomoyo." Lakini ukimwandikia bosi mwenyewe "nacheka kimoyomoyo", buda, hiyo si ya moyoni tena. Ushamwambia.

Kwa hivyo beste akituma picha ameanguka, uliza kwanza kama ameumia. Kicheko kitangoja.